Kizingiti cha Jikoni

Kaka yangu mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima, nikiamini umeamka salama wewe, wifi na watoto, na kwamba kile kikohozi chako cha vumbi la gereji kimekuachia. Sisi huku tu wazima wa mwili, isipokuwa goti la Mama, ambalo nitakueleza. Mimi ni yule yule Sindano wako, mwembamba wa mwili na mkali wa mdomo. Bado niko kule chini kabisa kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, nashona vifungo vya sare na kupunguza mapazia, na msimamizi wangu bado anaamini uzi unaota kwenye miti.

Utashangaa kupata barua wakati simu ninayo. Lakini simu ya nyumbani unaijua. Ikilia tu, Mama anataka iwekwe sauti kubwa tusikie wote, na hata nikitoka nayo uani masikio yake yananifuata. Ninayotaka kukuambia leo Mama hatakiwi kuyasikia. Kwa hiyo naandika hapa kazini wakati wa mapumziko, juu ya meza ya kupigia pasi, na ukiona karatasi imejikunja ujue ni mvuke.

Majuzi uliniuliza habari za Baba, nikakujibu kwa mkato kwamba yupo, anakula, analala. Najua Shangazi alikuwa ameshakupigia. Amekuambia kaka yake ameanza kuchanganyikiwa, kwamba alimpokea ofisa wa serikali mlangoni akamuuliza kama amekuja kuagiza kitanda. Huenda ni mara ya kwanza maishani Shangazi kutotia chumvi, maana ni kweli alimuuliza hivyo. Na wewe, kama mtoto mkubwa wa nyumba, umeanza kutafuta daktari na kupanga Baba aje akae kwako. Nakuomba usimtafute huyo daktari mpaka umalize kusoma.

Nianze na mtaa, maana usipoujua mtaa wa sasa hutaelewa mengine. Ukija leo utapotea mlangoni kwenu. Fundi viatu hayupo. Yule kinyozi aliyekukata sikio hayupo. Nyumba ya mwalimu tuliyokuwa tukiiba maua yake imekuwa maegesho ya magari. Kushoto kwetu kuna ghorofa la benki, na kulia kuna ghorofa la vioo ambalo mpaka leo sijui wanauza nini. Watu wanaingia na vikombe vya kahawa, wanatoka na vikombe vya kahawa. Katikati tumebaki sisi, na vigae vyetu, na kibaraza chetu. Watu wanaosubiri basi ng'ambo ya barabara wameipa nyumba jina. Wanaiita Jino, kwamba ni lile jino moja lililobaki kinywani mwa bibi kizee. Mtu akielekezwa njia siku hizi anaambiwa ashukie pale kwenye Jino. Mwanzoni nilicheka. Jua nalo tunalipata adhuhuri tu, likikatiza kati ya maghorofa, na Mama anatoka nalo uani mbiombio kama anawahi gari, maana nguo zisipolidaka zitanuka kivuli mpaka kesho yake.

Mwaka jana jiji lilitangaza kwamba nyumba zote kuukuu za upande wetu zitabomolewa, na wenyewe watapewa vyumba kwenye majengo mapya huko nje ya mji. Zingebaki tu zile zitakazothibitishwa kuwa za kale kwelikweli. Majirani walifungasha mmoja mmoja. Sisi tukaambiwa tusubiri mkaguzi, kwa kuwa nyumba yetu ilijengwa kabla babu hajazaliwa na inaonekana kwenye ramani ya kwanza ya mji. Hayo nilikueleza kwenye simu. Ambalo sikukueleza ni jinsi nilivyoogopa.

Sikuogopa kwa ajili yangu. Mimi ningelala hata stoo ya hoteli, kati ya mashuka. Niliogopa kwa ajili ya Mama. Wewe ulikuwa mkubwa kuliko mimi macho yake yalipofumba, unakumbuka zaidi. Lakini tangu nipate akili, mimi sijawahi kumwona Mama kuwa kipofu ndani ya nyumba ile. Anapika, anafagia, anatia uzi kwenye sindano upesi kuliko mimi ninayelipwa kwa kazi hiyo. Anapita kwa kugusisha ukucha wa kidole kidogo ukutani, na mtu asiyejua hawezi kuliona hilo. Nje ya nyumba ile, ni mtu mwingine. Unakumbuka alipokuja kwako wifi alipojifungua. Alijigonga kwenye kabati siku ile ile, kisha akakaa kitandani kama mgonjwa, akiogopa hata kwenda msalani, mpaka ukamrudisha mwenyewe huku ukijifanya una safari ya huku.

Na unajua kwa nini nyumba haijawahi kumgeuka. Kila kilichooza au kuliwa na mchwa, Baba alitengeneza kingine kile kile. Si kinachofanana, kile kile. Kama fremu ilikuwa na kibonyo mahali Mama anapoegemeza kiganja, fremu mpya ilipata kibonyo. Akimaliza anamwita, mama watoto njoo uone, naye anakuja na viganja vyake, anapapasa polepole kutoka juu mpaka chini. Akisema hii siijui, Baba anaing'oa bila neno, anairudisha kwenye randa. Mlango wa jikoni ulitoka na kurudi mpaka mimi nikauonea huruma. Siku Mama aliposema huu ndio mlango wangu, Baba alikaa chini uani akaomba maji. Hivyo ndivyo nyumba nzima ilivyopita mikononi mwake kidogo kidogo, milango, madirisha, boriti, mpaka papi za kubebea vigae. Mbao za zamani alizitia jikoni. Mimi na wewe tumekua tukinywa chai iliyochemshwa kwa milango ya kina babu.

Basi mkaguzi akaja. Alikuwa msichana mpole, mwenye adabu, anayevua viatu bila kuambiwa. Alimulika tochi kwenye maungio ya mlango wa mbele, akaupapasa. Kisha akamwambia Baba kwamba hajawahi kuona kazi kama ile, na kwamba watu waliojua kuunga mbao namna hiyo bila msumari hawapo tena duniani.

Kaka, mjue baba yako. Maisha yake yote ametengeneza vitanda, madawati na makabati, watu wanabeba wanaondoka, na hajawahi kuulizwa hata na mmoja alijifunzia wapi. Alicheka kicheko ambacho sijakisikia tangu nikiwa mdogo. Akamwambia mkaguzi kwamba mtu huyo yupo, na kwamba ndiye aliyemfungulia mlango. Akamshika mkono, akamzungusha nyumba nzima. Dirisha hili nililitengeneza mwaka ule kijana wangu alivunjika mkono, boriti ile niliipandisha peke yangu kwa kamba, mlango huu wa jikoni, mama watoto aliukataa sijui mara ngapi. Alimtolea mpaka patasi akamwonyesha ukali wake. Mimi niko nyuma yake namkonyeza, nakohoa, nilimvuta hata shati. Alidhani ninaumwa, akaniambia nikanywe maji. Kila dirisha alilolisifia, uso wa yule msichana ulizidi kushuka, na Baba akafikiri amechoka kusimama, akamletea kigoda.

Hapo kuna kitu nakiruka. Nitakirudia, niache kwanza nipumue.

Matokeo unayajua. Nyumba ilipita. Ilithibitishwa kuwa ya kale, mlango, madirisha na yote, na wewe ukaniuliza kwenye simu tumefanyaje, nikakujibu ni rehema za Mungu. Wakaja na kibao cha shaba wakakipachika ukutani, na wafanyakazi wa benki wakatoka kupiga makofi. Baada ya makofi likaja sharti, kwamba tangu siku ile hakuna ruhusa ya kupigilia hata msumari mmoja, kwa kuwa nyumba si ya kuchezewa tena. Kikiharibika kitu, watakuja mafundi wao. Baba alikusanya randa, patasi na misumeno, akavitia kwenye gunia na kulisukumia uvunguni.

Siku hizi Jumamosi wanaletwa wageni. Kuna kijana wa kuwatembeza, sauti nzuri, amekariri. Anawaambia kwamba mlango huu ni kazi ya mafundi wasiojulikana waliokufa zamani, na siri yao wakaondoka nayo. Baba anakuwa amekaa palepale kibarazani kwenye kiti chake. Wiki moja mgeni mmoja alimwomba, kwa upole kabisa, asogee kidogo ili mlango uonekane wote kwenye picha. Baba akasogea.

Sasa nikuambie lililonifanya niandike. Baba hajachanganyikiwa. Baba anaigiza. Wakija watu wa ofisi ya mambo ya kale anakuwa mtu mwingine kabisa. Mkaguzi anamwita mwanangu, anamuuliza shule zimefungwa lini, anavaa kofia yangu ya mvua ndani ya nyumba. Wakishatoka anavua kofia, anaosha vikombe walivyonywea, na anakupigia hesabu ya mbao za chumba kizima kichwani kabla wewe hujapata kalamu. Shangazi alimkuta siku ya maigizo, naye mdomo wake unaujua hauna breki. Mimi sikuweza kumsahihisha, maana ukimwambia Shangazi siri umekiambia kituo kizima cha basi.

Mama pia hajui. Baba alinikataza kwa neno moja tu, mama yako asijue, na sikuhitaji maelezo. Mama hawezi kuficha kitu. Mgeni yeyote akimuuliza habari za nyumba atamhadithia yote kwa fahari, kuanzia mlango wa mbele. Na angejua kwamba mumewe anajitia wazimu mbele ya watu kwa ajili yake, angetoka yeye mwenyewe akawaambia waje wabomoe. Kwa hiyo wageni wakija namshughulisha uani. Nimekuwa mwongo wa kila siku, na nimeanza kuzoea.

Miezi miwili iliyopita kizingiti cha jikoni kilioza. Ni kile cha chini, ambacho Baba alikuwa akikibadilisha kila maji ya kuoshea vyombo yanapokishinda. Baba alikitazama kutwa nzima. Nilimwona ameinama, anakipima kwa shubiri, halafu akaitia mikono mfukoni. Mafundi wao wakaja, nami nikamkalisha Mama uani, naye akadhani nyundo anayoisikia ni ya Baba. Sitawasema vibaya, walifanya kazi nzuri, mbao ngumu, rangi safi, wakafagia na takataka zao. Ila kizingiti chao kilizidi kile cha zamani kwa vidole viwili. Nilimwambia msimamizi wao kwamba nyumbani kuna mtu asiyeona. Akaniambia vipimo vimetoka ofisini, na kwamba nikitaka ninaweza kuandika maombi.

Nilimwambia Mama ainue mguu. Nilimwambia asubuhi, nikamwambia mchana. Lakini mguu wake umeijua nyumba ile muda mrefu kuliko ulivyonijua mimi. Jioni akatoka na sufuria tupu, shukuru Mungu lilikuwa tupu, akajikwaa akaanguka kifudifudi. Hakuvunjika. Goti ndilo lililovimba, na kifundo cha mkono. Nilipofika alikuwa ameshajigeuza na kukaa sakafuni, anakipapasa kile kizingiti kutoka mwanzo mpaka mwisho, kama alivyokuwa akiipapasa kazi ya Baba. Aliporudia mara ya pili akaniuliza kwa sauti ndogo kama Baba anaumwa na sisi tunamficha. Akasema hii si kazi ya mtu mzima wa afya. Akasema mikono ya baba yenu imekwisha, na hakuna aliyeniambia.

Nilifungua mdomo. Kabla sijasema, nikamwona Baba amesimama nyuma yangu na kikombe mkononi. Alimsikia. Unajua alivyo na majivuno ya kazi yake. Mtu akisema kiti chake kinayumba, halali. Alikuja akachuchumaa, akamshika Mama kwapani kumwinua, akamwambia ni kweli mama watoto, uzee huu, mikono imechoka, nisamehe. Mama akampapasa mikono, kidole kwa kidole, akilia. Mimi nilitoka nikaenda kusimama uani kwenye kivuli cha benki, nisijue niende wapi.

Tangu siku hiyo Mama hatembei tena kwa ukucha. Anatembea na mikono yote miwili mbele, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mwezi ujao wanabadilisha dirisha la chumbani.

Sasa nirudi pale niliporuka, maana nikifunga barua bila kusema nitakuwa nimekudanganya na wewe pia. Siku ile ya kwanza, Baba alipomaliza kuionyesha nyumba yake, mkaguzi alitoka nje akaniita pembeni ya dirisha. Alikuwa na huzuni ya kweli. Akaniambia kwamba kama kila kitu ni kipya, hii ni nyumba ya kawaida na haina kinga yoyote. Halafu akaniuliza, taratibu, kama kumbukumbu za mzee ni nzuri, maana wazee wengine hujisahau wakadai wametengeneza vitu walivyovikuta. Sijui kama aliuliza tu, au alikuwa ananionyesha pa kupitia. Mimi nikapapitia. Nilimwambia kwamba Baba siku hizi hana akili timamu. Nilimwambia alikuwa fundi wa vitanda tu, hajawahi kutengeneza mlango wowote wa nyumba ile. Fundi wa vitanda tu, ndivyo nilivyosema, Kaka. Hilo neno la mwisho hata sikuombwa.

Nilidhani hakuna aliyenisikia. Jioni ile Baba alikula vizuri, akasifu mboga. Mkaguzi aliporudi mara ya pili na mkubwa wake kuhakikisha, sikujua Baba atasema nini. Akawafungulia mlango, akawatazama kwa macho matupu, akawauliza kama wamekuja kuagiza kitanda. Nilielewa papo hapo kwamba siku ile alikuwa upande wa pili wa dirisha. Hajawahi kunigombeza. Hajawahi kunitajia jambo hilo. Alilichukua neno langu akalivaa, kwa sababu ndilo lililobaki la kumsitiri mkewe, na sasa hata hilo halimsitiri.

Nimejaribu kufikiria njia na kila njia inarudi palepale. Nikisema ukweli ofisini, nyumba inabomolewa na Mama anapelekwa kwenye chumba asichokijua. Nikinyamaza, wataimaliza kipande kwa kipande, kwa kazi nzuri na rangi safi, mpaka iwe nyumba nyingine iliyosimama palepale. Nikimwambia Mama, namvunja. Nisipomwambia, anaendelea kumlilia mtu mzima mikono yake. Mimi ni mshonaji, nimezoea kitu kikikosewa kifumuliwe kishonwe upya. Hiki sioni uzi wake ulipoanzia.

Na kuna jambo la juzi. Nyumbani hapakuwa na mgeni, Mama amelala, mlango wa mbele umefungwa. Nilimkalia Baba karibu pale jikoni, nikamuuliza kwa sauti ya chini huu mlango nani aliutengeneza. Nilitaka tu aseme. Nilitaka aseme mbele yangu, angalau kwa sikio langu mimi niliyemkana, halafu nimwombe msamaha. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba hajui, aliukuta.

Nimekaa na jibu hilo mpaka leo. Huenda alikuwa anaogopa Mama asisikie. Huenda ni adhabu yangu, na ninaistahili. Huenda mtu akijitia kusahau kwa muda mrefu mwisho anasahau. Sikuthubutu kumuuliza tena.

Ndiyo maana nakuomba uje, Kaka. Usije na daktari. Njoo peke yako, siku isiyo Jumamosi, umkalishe mahali ambapo mimi sipo, umuulize wewe. Akikujibu, utaniambia. Asipokujibu, pia uniambie.

Msalimie sana wifi, mwambie shuka aliloniomba niko nalo. Wape watoto mapenzi ya shangazi yao. Mama anakusalimu mno. Hajui nakuandikia nini, anajua tu kwamba nakuandikia, na amenituma nikukumbushe jambo moja: ukija, ukifika mlango wa jikoni inua mguu, maana kizingiti si kile unachokijua.

Ni mimi mdogo wako,
Sindano